Adam Ries, Mwalimu wa Hesabu

Sasa unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Unaweza kusoma risiti ya chama cha ushirika. Unaweza kuandika barua bila kumtafuta karani. Katika ukurasa huu utasoma habari za mtu aliyeishi zamani sana, katika nchi ya Ujerumani. Jina lake ni Adam Ries. Hakuwa mfalme wala jemadari. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwafundisha watoto na watu wa kawaida kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Kwa kazi hiyo jina lake linakumbukwa hata leo, baada ya zaidi ya miaka 450.

Soma polepole. Ukifika mahali penye hesabu, chukua kalamu na karatasi uifanye mwenyewe. Ukikosa karatasi, chukua kijiti uandike chini mchangani.

KUZALIWA KWAKE

Adam Ries alizaliwa yapata mwaka 1492 katika mji mdogo uitwao Staffelstein, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa na kinu cha kusagia nafaka. Wewe unajua mambo ya mashine ya kusaga. Mtu huleta debe la mahindi, hupimwa, husagwa, kisha hulipa. Mahali pa namna hiyo pana vipimo na malipo kila siku. Asiyejua kuhesabu hawezi kujua kama amepunjwa.

Wakati huo watu wengi wa Ujerumani hawakujua kusoma. Wachache waliosoma walifundishwa kwa Kilatini, lugha ya kanisa na ya vyuo. Mkulima, mwokaji wa mikate na mchimba madini hawakukijua Kilatini. Kwa hiyo elimu ilikuwa kama maji yaliyo ndani ya kisima kirefu. Maji yapo, lakini kamba haifiki.

HESABU ZA ZAMA HIZO

Katika siku hizo Wajerumani wengi waliandika namba kwa alama za Kirumi. Badala ya 37 waliandika XXXVII. Badala ya 24 waliandika XXIV. Jaribu kuzidisha XXXVII kwa XXIV kwa kuziandika moja chini ya nyingine. Huwezi. Alama hizo hazina nafasi ya moja, ya kumi, wala ya mia.

Tarakimu tunazotumia sisi, yaani 1, 2, 3 mpaka 9 pamoja na sifuri, zilianzia Bara Hindi. Wataalamu Waarabu walijifunza kutoka kwa Wahindi, na baadaye watu wa Ulaya walijifunza kutoka kwa Waarabu. Sisi wenyewe tunayo alama ya safari hiyo katika lugha yetu. Neno sifuri limetoka katika Kiarabu. Maneno sita, saba na tisa nayo yametoka huko. Wajerumani nao walilichukua neno hilohilo la sifuri, na kwao likawa jina la tarakimu zote.

Lakini katika siku za Adam Ries tarakimu hizo zilikuwa bado ngeni kwa watu wa kawaida. Fedha nazo zilikuwa na mafundo. Katika jimbo la Saxony guldeni 1 ilikuwa sawa na grosheni 21, na grosheni 1 ilikuwa sawa na pfenigi 12. Kwa hiyo ukitaka kujua pfenigi zilizomo katika guldeni 1, lazima uzidishe 21 kwa 12, upate 252. Ni watu wangapi sokoni walioweza kuifanya hesabu hiyo? Ni wachache. Wengine wote walimtegemea mwenye duka awaambie.

SHULE YA ERFURT

Mwaka 1518 Adam Ries alihamia mji wa Erfurt. Huko alifungua shule ya hesabu. Mwaka huohuo alitoa kitabu chake cha kwanza, nacho alikiandika kwa ajili ya watoto. Mwaka 1522 alitoa kitabu cha pili, kilichofundisha njia mbili za kuhesabu: njia ya mistari na njia ya kalamu. Vitabu hivyo hakuviandika kwa Kilatini. Aliviandika kwa Kijerumani, lugha ambayo mama alizungumza na mtoto wake jikoni.

Ndugu msomaji, hilo lilikuwa jambo kubwa. Sisi tunalielewa vizuri, kwa sababu kisomo chetu nacho kilifundishwa kwa Kiswahili. Mtu akifundishwa kwa lugha anayoielewa, anashindana na somo tu, hashindani na lugha pia.

Katika mji huo Adam Ries alimpata rafiki, daktari aitwaye Georg Sturtz, msomi mwenye vitabu vingi. Daktari huyo alimtia moyo na kumpa vitabu. Adam Ries alikuwa mwalimu tayari, lakini hakuona aibu kuendelea kujifunza.

NJIA YA MISTARI

Sasa tuitazame njia ya kwanza aliyowafundisha watoto. Ilifanyika juu ya meza kwa vipande vidogo vya shaba vilivyofanana na sarafu. Wewe unaweza kutumia punje za mahindi.

Chora chini mistari mitatu iliyolala. Mstari wa chini kabisa ni wa moja. Unaofuata juu yake ni wa kumi. Wa tatu ni wa mia. Punje 1 ikiwa juu ya mstari wa moja ni 1. Ikiwa juu ya mstari wa kumi ni 10. Ikiwa juu ya mstari wa mia ni 100.

Nafasi kati ya mstari na mstari nayo ina thamani yake. Nafasi iliyo juu ya mstari wa moja ni ya 5. Nafasi iliyo juu ya mstari wa kumi ni ya 50. Nafasi iliyo juu ya mstari wa mia ni ya 500. Punje 5 zikijaa juu ya mstari, ziondoe, uweke punje 1 katika nafasi iliyo juu yake. Punje 2 zikiwa pamoja katika nafasi, ziondoe, uweke punje 1 juu ya mstari unaofuata.

Tuseme shamba la kahawa lina safu 24, na kila safu ina mibuni 37. Shamba lote lina mibuni mingapi? Tunazidisha 37 kwa 24.

Kwanza chukua 37 mara 4. Jibu ni 148. Weka punje 1 juu ya mstari wa mia, punje 4 juu ya mstari wa kumi, punje 1 katika nafasi ya 5, na punje 3 juu ya mstari wa moja.

Kisha chukua 37 mara 20. Hapo kuna siri nzuri. Ishirini ni mbili iliyopandishwa mstari mmoja. Kwa hiyo zidisha 37 mara 2, upate 74, kisha kila punje uipandishe hatua moja: ya mstari wa moja iende kwenye mstari wa kumi, ya mstari wa kumi iende kwenye mstari wa mia, ya nafasi ya 50 iende kwenye nafasi ya 500. Itakuwa 740. Ziongeze punje hizo katika zile za kwanza. Juu ya mstari wa kumi zitakuwapo punje 8. Ondoa 5, uweke 1 katika nafasi ya 50.

Sasa tazama chini. Kila mstari una punje 3, na kila nafasi ina punje 1. Soma: mia nane, themanini na nane. Shamba lina mibuni 888.

NJIA YA KALAMU

Njia ya pili ni ile ya kuandika kwa tarakimu. Ndiyo uliyofundishwa darasani.

      37
   x  24
   -----
     148
     740
   -----
     888

Saba mara 4 ni 28. Andika 8, weka 2 akilini. Tatu mara 4 ni 12, ongeza 2, upate 14. Hiyo ni 148. Katika mstari wa pili anza na sifuri, kwa sababu sasa unazidisha kwa makumi. Saba mara 2 ni 14. Andika 4, weka 1 akilini. Tatu mara 2 ni 6, ongeza 1, upate 7. Hiyo ni 740. Jumlisha, upate 888.

Umeona? Ni 148 ileile na 740 ileile tulizozipata kwa punje. Kalamu imefanya kazi ya punje. Tofauti ni kwamba katika punje unaona kwa macho sababu ya 740 kuwa na sifuri mwishoni. Katika kalamu mtoto anaweza kuandika sifuri hiyo kwa kukariri tu, bila kujua maana yake.

Adam Ries aliliona jambo hilo katika shule yake. Alieleza katika kitabu chake kuwa wanafunzi walioanza kwa mistari walipata ustadi zaidi kuliko wale walioanzishwa moja kwa moja kwa kalamu. Kwa hiyo aliwapa watoto mistari kwanza, kisha kalamu. Hakusema njia moja ni ya wajinga na nyingine ni ya wenye akili.

NJIA YA KUONGEZA MARA MBILI

Adam Ries alifundisha pia kuongeza namba mara mbili na kuigawa nusu, kila moja kama somo lake. Masomo hayo ni ya kale. Wamisri wa kale, hapa hapa Afrika, walizidisha kwa kuongeza mara mbili tangu zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Tazama:

   Mara 1 ni 37
   Mara 2 ni 74
   Mara 4 ni 148
   Mara 8 ni 296
   Mara 16 ni 592

Sisi tunataka mara 24. Nane na 16 ni 24. Basi jumlisha 296 na 592. Jibu ni 888. Mtu asiyekariri jedwali la kuzidisha anaweza kuifanya hesabu hiyo, mradi anajua kujumlisha.

Walimu wa hesabu wa Ujerumani wa zama hizo walikuwa pia na msaada kwa mtoto aliyesahau jedwali. Chukua 7 mara 8. Saba imepungukiwa 3 ili kufika 10. Nane imepungukiwa 2. Zidisha 3 kwa 2, upate 6. Hiyo ni tarakimu ya moja. Kisha toa 3 katika 8, upate 5. Hiyo ni tarakimu ya kumi. Jibu ni 56.

KUJIPIMA MWENYEWE

Mwanafunzi atajuaje kuwa hakukosea? Adam Ries alifundisha kujipima kwa tisa. Jumlisha tarakimu za 37: 3 na 7 ni 10, tena 1 na 0 ni 1. Jumlisha za 24: 2 na 4 ni 6. Zidisha 1 kwa 6, upate 6. Sasa jumlisha tarakimu za jibu: 8 na 8 na 8 ni 24, tena 2 na 4 ni 6. Sita na sita zimelingana.

Zisipolingana, hakika pana kosa. Lakini zikilingana usijivune sana. Mtu akiandika 879 badala ya 888, tarakimu zake nazo zitaleta 6. Kwa hiyo ni vema kufanya hesabu kwa njia mbili. Njia mbili zikileta jibu moja, moyo unatulia. Hiyo ni faida mojawapo ya kujua njia zaidi ya moja.

MJI WA MADINI

Yapata mwaka 1523 Adam Ries alihamia mji wa Annaberg katika jimbo la Saxony. Mji huo ulianzishwa mwaka 1496, baada ya madini ya fedha kugunduliwa milimani. Watu wengi walikuja kutafuta riziki.

Mwaka 1525 alimwoa Anna Leuber, akanunua nyumba. Walipata watoto wanane au zaidi. Mwaka huo ulikuwa wa taabu. Wakulima katika sehemu nyingi za Ujerumani waliasi kwa sababu ya kodi na kazi za kulazimishwa. Uasi huo ulizimwa kwa silaha, na wakulima wengi sana waliuawa.

Adam Ries alikuwa na shule yake ya hesabu, tena alikuwa karani wa migodi. Aliandika mapato na matumizi ya migodi ili kila mwenye haki apate fungu lake. Ndugu msomaji, fikiri juu ya kazi hiyo. Karani akizidisha vibaya, mtu anapoteza jasho lake. Karani mwenye hila anaweza kuiba kwa kalamu bila kuvunja mlango wa mtu.

MKATE WA PFENIGI MOJA

Katika miji ya Ujerumani wakati huo bei ya mkate haikubadilika. Mkate wa pfenigi 1 ulibaki wa pfenigi 1. Kilichobadilika ni uzito wake. Nafaka ikiwa rahisi, mkate ulikuwa mkubwa. Nafaka ikiwa ghali, mkate ulikuwa mdogo.

Sasa mama maskini amekwenda kununua mkate. Anaambiwa kuwa nafaka imepanda, ndiyo maana mkate umepungua. Je, umepungua kwa haki, au mwokaji amemwibia? Ili kujua, lazima azidishe na kugawanya namba kubwa. Watoto wake wana njaa, naye hajui hesabu.

Adam Ries alifanya hesabu hizo kwa ajili ya mji wa Annaberg. Alitengeneza majedwali yanayoonyesha uzito wa mkate kwa kila bei ya nafaka. Majedwali hayo yalichapishwa katika kitabu mwaka 1536. Aliyeweza kusoma namba alitazama bei ya nafaka, akaona uzito, kisha akaupima mkate katika mizani. Kazi ngumu ilikuwa imekwisha kufanywa na mwalimu. Hivyo elimu ya mtu mmoja ililinda tumbo la maskini.

VITABU VYAKE NA KUFA KWAKE

Mwaka 1539 Adam Ries alipewa cheo cha mwanahesabu wa mtawala wa Saxony. Alikuwa na kitabu kingine kikubwa, lakini gharama ya kukichapa ilikuwa kubwa. Kilichapwa mwaka 1550, baada ya mtawala, Moritz wa Saxony, kutanguliza fedha. Ndani yake imo picha ya Adam Ries akiwa mzee mwenye ndevu.

Kitabu kingine, cha hesabu za kutafuta namba isiyojulikana, alikimaliza mwaka 1524. Hicho hakikuchapwa katika maisha yake. Kilikaa katika maandishi ya mkono mpaka mwaka 1992.

Kitabu kilichopendwa kuliko vyote ni kile cha mwaka 1522. Kilichapwa zaidi ya mara 100, hata baada ya kufa kwake. Namna yake ya kufundisha ilikuwa rahisi. Alionyesha hesabu moja hatua kwa hatua, kisha akamwambia mwanafunzi afanye vivyo hivyo kwa hesabu nyingine. Alianza na nyepesi, akaenda kwenye ngumu.

Adam Ries alifariki mwaka 1559, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 65. Mwanawe Abraham aliendeleza kazi yake Annaberg. Mwanawe mwingine, Isaac, alitoa kitabu chake cha hesabu mwaka 1580. Nyumba ya Adam Ries imekuwa makumbusho. Na hata leo Mjerumani akifanya hesabu akataka kusema kuwa ni sahihi kabisa, hulitaja jina la mwalimu huyo.

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu msomaji, huenda una mtoto au mjukuu shuleni. Siku moja utamwona akizidisha kwa njia usiyoijua. Pengine anachora visanduku, pengine anaigawa 37 kuwa 30 na 7. Usimkemee kwa haraka. Usimwambie kuwa mwalimu wake hajui kitu. Keti naye. Mwombe akuonyeshe njia yake, nawe umwonyeshe yako. Kisha mtazame kama majibu yanalingana. Yakilingana, nyote wawili mmepata faida. Yasipolingana, tafuteni kosa pamoja.

Mtoto anayejua njia moja tu, akiisahau, amekwama. Mtoto anayejua njia mbili na sababu zake anaweza kujikwamua. Naye akikua hatapunjwa kwenye mizani, wala hatampunja mwenziwe.

MASWALI

1. Kwa nini Adam Ries aliandika vitabu vyake kwa Kijerumani?
2. Majedwali ya mkate yaliwasaidiaje watu maskini?
3. Kijiji kina kaya 46. Kila kaya imetoa matofali 35. Tafuta jumla ya matofali kwa njia ya kalamu, kisha kwa njia ya kuongeza mara mbili. Jipime kwa tisa.
4. Jadilini darasani: Je, ni vizuri mtoto kujua njia nyingi za kuzidisha? Kila mmoja atoe sababu zake.